Tangazo la kazi huomba sifa, si kujisifu

Ndugu Mhariri,

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma katika ukurasa wako wa barua malalamiko ya vijana, na hata ya watu wazima waliopunguzwa kazini, wanaoeleza kwamba wametuma maombi ya kazi kumi, ishirini, hata hamsini, bila kupata jibu lolote. Wengi wao humalizia kwa kusema kwamba kazi siku hizi hutolewa kwa kujuana. Sikatai kwamba kujuana kupo, wala sikatai kwamba nafasi ni chache kuliko watu wanaozihitaji. Hata hivyo, kabla ya kustaafu niliketi kwa zaidi ya miaka kumi katika majopo ya kuchambua maombi ya kazi, yaani upande wa meza ambao waandishi wa barua hizo hawajapata kuuona, na nilishuhudia watu wenye uwezo mkubwa wakiachwa kwa sababu ya karatasi mbili za wasifu walizoziandika wenyewe. Jambo hilo liliniumiza wakati ule na linaniumiza hadi leo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kwa maoni yangu, chanzo cha tatizo kimo ndani ya neno moja. Katika lugha yetu, sifa ina maana mbili. Sifa ni hali au uwezo alio nao mtu, kama tunaposema sifa za mwombaji. Na sifa ni maneno ya kumtukuza mtu, kama tunaposema kwamba fulani anapenda sifa. Neno wasifu limetoka katika shina hilohilo la Kiarabu, na kazi yake ni kueleza jinsi kitu kilivyo. Tangazo la kazi linapotaja sifa, linakusudia maana ya kwanza, lakini waombaji wengi hujibu kwa maana ya pili. Huandika: "Mimi ni mchapakazi, mwadilifu, mbunifu, mwenye kujituma, ninayeweza kufanya kazi na watu wa kila aina bila kusimamiwa." Nimeisoma sentensi hiyo, ikiwa imebadilishwa neno moja au mawili tu, katika maombi nisiyoweza kuyahesabu. Ubaya wake ni kwamba hata mvivu anaweza kuiandika, na kwa hakika huiandika, kwa hiyo msomaji hana namna ya kumtenganisha mkweli na asiye mkweli, na huipita bila kuitilia maanani.

Wapo wanaojua kwamba kujisifu hakusaidii, nao huangukia kosa la pili, ambalo ni kunakili orodha ya majukumu waliyopewa siku ya kuajiriwa: "Nilihusika na usimamizi wa ghala, upokeaji wa bidhaa na utunzaji wa kumbukumbu." Orodha hiyo inaeleza cheo, haimwelezi mtu. Yeyote aliyekikalia kiti kile, awe hodari au awe mzembe, alikuwa na majukumu hayohayo. Mwajiri anataka kujua kilichotokea ulipokikalia wewe. Mtunza ghala yuleyule angeweza kuandika hivi: "Nilianzisha daftari la kila siku la bidhaa zinazoingia na kutoka, na katika miezi sita tofauti kati ya hesabu ya daftari na hesabu ya rafu ikapungua kutoka vitu 40 hadi 6 kwa mwezi." Hakujiita mwadilifu wala mbunifu, lakini msomaji ameyaona yote mawili kwa macho yake, na atataka kumwita amsikie akieleza alivyofanya.

Si kila kazi ina hesabu za namna hiyo, na sipendi kuona watu wakibuni asilimia ili karatasi ionekane nzito. Mtu akiniandikia kwamba aliongeza ufanisi kwa asilimia 70, swali langu la kwanza ni ufanisi gani, uliopimwa na nani, kuanzia wapi. Na asipoweza kujibu katika usaili, hata yale ya kweli aliyoyaandika huanza kutiliwa shaka. Mhudumu wa mapokezi anaweza kusema alipokea wageni wangapi kwa siku na kwa lugha zipi. Mwalimu anaweza kutaja ukubwa wa madarasa yake na kile alichokibadilisha katika ufundishaji wake. Fundi anaweza kutaja mitambo aliyoizoea na aina ya hitilafu anazozitatua bila kuita msaada. Kinachotakiwa ni kitu mahususi ambacho mtu mwingine hawezi kukinakili na kukiweka katika wasifu wake kikawa kweli.

Kwa nini tunaandika kwa namna hii isiyotusaidia? Nadhani tunadhani kwamba tunajiandikia wenyewe. Herufi mbili tunazozitumia sana, CV, ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya mwendo wa maisha, na waombaji wengi huichukua maana hiyo kama ilivyo, wakaanza na kuzaliwa kwao, shule ya msingi, shule ya sekondari, hadi kazi ya mwisho, ambayo huja kutokea ukurasa wa tatu msomaji akiwa amekwisha kuchoka. Wamarekani hutumia neno la Kifaransa, résumé, lenye maana ya muhtasari, na kwa kazi nyingi za kawaida hilo ndilo linaloeleza vyema zaidi kinachohitajika. Ukurasa mmoja au miwili inatosha, kazi ya karibuni ikitangulia na za zamani zikifuata. Wasomi wanaoomba nafasi za vyuo vikuu, wanaolazimika kuorodhesha machapisho yao yote, wana taratibu zao, na siwazungumzii hapa.

Mfano ninaoupenda katika jambo hili una umri wa zaidi ya miaka mia tano. Mwanzoni mwa miaka ya 1480, Leonardo da Vinci, akiwa na umri wa takriban miaka thelathini, aliandaa barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Sisi leo tunamjua kwanza kama mchoraji, lakini barua yake haikuanza na uchoraji. Alieleza, hoja kwa hoja, kwamba angeweza kujenga madaraja mepesi ya kubebeka, kuondoa maji katika mahandaki wakati mji umezingirwa, kuunda mizinga na magari ya vita yaliyofunikwa. Na mwishoni kabisa, baada ya hayo yote, akasema kwamba wakati wa amani angeweza pia kufanya kazi za ujenzi, uchongaji na uchoraji. Aliyaweka mambo kwa mpangilio huo kwa sababu alimjua msomaji wake: mtawala mwenye maadui alihitaji mhandisi wa vita kabla ya kuhitaji picha za ukutani. Na kama hilo halikutosha, alijitolea kuonyesha kwa vitendo, mahali popote ambapo mtawala angependa, jambo lolote ambalo mtu angelitilia shaka. Sijaona mwombaji wa leo mwenye sababu ya kufanya kinyume cha hayo.

Maana yake ni kwamba wasifu mmoja hauwezi kutumwa kwa waajiri hamsini. Najua hili si jambo la kufurahisha kwa mtu aliyechoka na kutafuta, lakini maombi matano yaliyoandaliwa kwa makini yana thamani kuliko hamsini yaliyorudufiwa. Kaa na tangazo, pigia mstari yale yanayorudiwa, kisha jiulize ni lipi kati ya mambo uliyoyafanya linalojibu kila mstari. Kama tangazo linasema "usuluhishi wa hesabu za benki" na wewe uliandika "kulinganisha vitabu", tumia maneno ya tangazo, mradi ni kazi uliyoifanya kweli. Nilimwona mwombaji akiachwa na msaidizi aliyefanya mchujo wa kwanza kwa sababu tu kazi ileile ilikuwa imeitwa kwa jina jingine, na msaidizi hakuwa mtaalamu wa fani ile kiasi cha kutambua kwamba ni kitu kimoja.

Siku hizi msaidizi huyo mara nyingi ni programu ya kompyuta. Waajiri wakubwa wanaopokea maelfu ya maombi hutumia mifumo inayosoma maandishi, kuyagawa katika mafungu ya elimu, kazi na ujuzi, kisha kumruhusu ofisa kutafuta kwa maneno. Mifumo hiyo hutatizwa na majedwali, safu mbili za maandishi zilizowekwa sambamba, maandishi yaliyotiwa ndani ya picha, na anwani zilizofichwa katika sehemu ya juu kabisa au ya chini kabisa ya ukurasa. Kuna jaribio jepesi ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya: nakili maandishi yote ya wasifu wako, uyabandike katika faili tupu lisilo na mapambo, kisha usome. Yakitoka kwa mpangilio unaoeleweka, huenda programu nayo itayaelewa. Yakitoka yamechanganyika, jua kwamba hivyo ndivyo utakavyosomwa. Hapohapo niseme kwamba mtindo wa kujichorea vinyota ili kuonyesha kiwango cha ujuzi hauna faida yoyote. Nyota nne kati ya tano katika lugha fulani ni kwa kipimo cha nani? Afadhali kusema kwamba unaweza kuendesha kikao na kuandika ripoti kwa lugha hiyo. Na wale wanaoshauriana kuficha maneno ya tangazo kwa wino mweupe ili programu iyaone na binadamu asiyaone, nawaomba waache, kwa sababu maneno hayo huonekana mara faili linapogeuzwa kuwa maandishi ya kawaida, na mwombaji hubaki na jina la mdanganyifu.

Binadamu naye hana muda mrefu. Mwaka 2018 kampuni ya Ladders ya Marekani ilifuatilia macho ya maofisa wa ajira walipokuwa wakisoma, ikaeleza kwamba mtazamo wao wa kwanza ulichukua wastani wa sekunde 7.4. Mimi sikuwa nikisoma kwa kasi hiyo, lakini nakiri kwamba ikifika saa kumi jioni na mbele yako kuna maombi mia moja, hutafuti tena kumwelewa kila mtu. Unatafuta sababu ya kuendelea kusoma au kuacha. Nyota njema huonekana asubuhi, na asubuhi ya wasifu ni theluthi ya juu ya ukurasa wa kwanza. Hapo pawepo jina, namba ya simu, barua pepe yenye jina lako badala ya lakabu ya utotoni, na mistari mitatu au minne inayosema wewe ni nani kikazi na umefanya nini kinachohusiana na nafasi hii. Nafasi hiyo ya thamani wengi huijaza kwa tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, idadi ya watoto na namba ya kitambulisho.

Juu ya taarifa hizo binafsi nina msimamo mkali. Pale ambapo mwajiri hajaziomba, na sheria haimtaki azijue, usizitoe. Marekani ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi, dini na jinsia katika ajira kwa sheria ya mwaka 1964, ikaongeza ulinzi wa umri mwaka 1967, na huko mwombaji hubandika picha yake kwa nadra sana. Sheria peke yake haikuondoa tatizo. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti ambao ndani yake walituma wasifu za kubuni karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, zikitofautiana kwa majina, na zile zenye majina yanayohusishwa na Wazungu zikapata miito ya usaili kwa asilimia 50 zaidi. Simshauri mtu abadilishe jina lake. Ninachosema ni kwamba ikiwa jina peke yake linaweza kumpotosha msomaji kiasi hicho, hakuna haja ya kumwongezea mambo mengine ya kumpotosha. Isitoshe, namba ya kitambulisho inayosambazwa kwa waajiri hamsini haijulikani itaishia mikononi mwa nani.

Kundi linalonisikitisha kuliko yote ni la vijana wanaomaliza masomo, ambao chini ya kichwa cha uzoefu huandika neno moja: "Hakuna." Nakumbuka binti mmoja aliyeitwa katika usaili wa nafasi ya karani msaidizi wa hesabu kwa sababu tu mjumbe mmoja wa jopo alivutiwa na matokeo yake ya mtihani. Wasifu wake ulikuwa nusu ukurasa. Tulipomuuliza mwishoni kama alikuwa na la kuongeza, alisema kwa sauti ya chini kwamba kwa miaka miwili chuoni alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba cha wanafunzi thelathini, akikusanya michango kila wiki, akitoa mikopo midogo na kusoma taarifa ya fedha kila mwezi mbele ya wanachama. Tulimuuliza kwa nini hakuliandika jambo hilo. Akajibu kwamba haikuwa ajira. Alipata nafasi ile, lakini usiku huo nilishindwa kuacha kuwafikiria wenzake ambao matokeo yao hayakumvutia mjumbe yeyote, na ambao walikuwa na habari kama hiyo wasiyoiandika.

Kichwa cha sehemu hiyo ni uzoefu, si mshahara. Mafunzo kwa vitendo ni uzoefu. Kujitolea ni uzoefu. Kuuza katika duka la familia jioni na kufunga hesabu ya siku ni uzoefu, na vilevile kuandaa mashindano ya shule, kuongoza kikundi cha kwaya, kutafsiri barua za majirani au kurekebisha simu za wenzako. Kijana na aandike alifanya nini, kwa muda gani, kwa ajili ya watu wangapi, na nini kilipatikana. Elimu yake itangulie juu, kwa sababu ndiyo iliyo mpya, pamoja na mradi wa mwisho wa masomo ikiwa unahusiana na kazi. Baada ya miaka michache ya kazi, elimu itashuka chini na kufupishwa yenyewe.

Kuna pia wale wenye mapengo. Mtu alisimama kazi miaka mitatu akimuuguza mzazi, au akilea watoto, au akitafuta kazi bila mafanikio, naye kwa aibu huzivuta tarehe za ajira mbili mpaka zikutane. Mficha uchi hazai. Pengo lisiloelezwa msomaji hulijaza kwa dhana zake, na dhana hizo karibu kila mara ni mbaya kuliko ukweli. Mstari mmoja unatosha: "2019 hadi 2022: nilimuuguza mzazi, katika kipindi hicho nilikamilisha kozi ya jioni ya utunzaji wa kumbukumbu." Hakuna mjumbe wa jopo niliyeketi naye aliyewahi kumkataa mtu kwa mstari kama huo. Waliozivuta tarehe ndio tuliowakataa, kwa sababu mwajiri wa zamani alipopigiwa simu alitaja tarehe nyingine. Kuhusu vyeti vya kughushi na vyeo vilivyokuzwa, msaidizi akijiita meneja, sina haja ya kueleza sana. Njia ya mwongo ni fupi, na siku hizi uhakiki umeifupisha zaidi.

Nitaje jambo jingine dogo linaloharibu mengi. Wengi huweka majina ya wadhamini, yaani watu watakaoulizwa habari zao, bila kuwaarifu. Nimewahi kumpigia mdhamini aliyeniuliza mara mbili jina la mtu ninayemzungumzia, kisha akasema kwamba hamkumbuki vizuri. Mwombaji yule alikuwa wa kwanza katika orodha yetu asubuhi ile, na mchana hakuwa tena. Mwombe mtu ruhusa, mpelekee tangazo na wasifu wako, umkumbushe mlifanya nini pamoja. Na kabla ya kutuma chochote, mpe mtu mwingine mwenye jicho kali ausome, kwa kuwa kosa la tahajia katika jina la kampuni unayoiomba kazi halisameheki kirahisi. Hifadhi faili kwa mfumo wa PDF, isipokuwa tangazo limeagiza vingine, na ulipe jina lako badala ya "wasifu mpya wa mwisho 3".

Waajiri nao wana lawama yao. Tangazo linaloomba uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ya mtu anayeanza, au linaloorodhesha sifa ishirini bila kusema zipi ni za lazima, huwasukuma waombaji kuandika maneno matupu ili wafanane na orodha. Na mwajiri aliyepokea maombi kwa barua pepe hana udhuru wa kukaa kimya, kwa kuwa jibu fupi la kukataa linaweza kutumwa kwa watu wote mia moja ndani ya dakika chache, na humwachia mwombaji nafasi ya kupanga maisha yake.

Ndugu Mhariri, nina ombi. Gazeti lako linachapisha kurasa nzima za matangazo ya kazi kila wiki. Naomba utenge robo ya ukurasa mmoja tu, mara moja kwa mwezi, ambapo msomaji ataruhusu wasifu wake uchapishwe bila jina wala anwani, pamoja na tangazo alilolijibu, na kando yake uwekwe wasifu huohuo baada ya kusahihishwa mstari kwa mstari, kila badiliko likiwa na sababu yake. Watu hujifunza haraka zaidi wakiona sentensi ikibadilika mbele ya macho yao kuliko wakisoma ushauri wa jumla, ukiwemo huu wangu. Niko tayari kuifanya kazi hiyo ya kusahihisha bila malipo kwa mwaka mzima wa kwanza, na ninawajua wenzangu wawili wastaafu ambao wamekubali kunisaidia.

Wako,
Msomaji wako, mjumbe wa zamani wa majopo ya ajira